Nyumbani haizimi, ofisini inazima: kisa cha laptopu ya dada mhasibu

Dada mmoja mhasibu aliniletea laptopu yake akiwa keshachoka nayo, aliitua mezani kama mtu anayerudisha nyanya zilizooza dukani. "Fundi, hii mashine inajizima. Haisemi kitu, haionyeshi maandishi yoyote, pap, skrini nyeusi." Nikamuuliza imeanza lini, akasema miezi miwili sasa, na kwamba mimi ni fundi wa nne.

Wa kwanza alimwambia ni joto, akafungua, akapuliza vumbi, akabadilisha pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto. Ikazima tena siku ya pili. Wa pili ni kijana wa IT pale ofisini kwake, yeye alisema Windows imeharibika, akapiga Windows mpya, dada akapoteza na mafaili mawili matatu ambayo hakuyahifadhi pembeni. Ikazima wiki hiyohiyo. Wa tatu alipima betri kwa multimita, kile kipimo cha volti, akasema betri nzima, afu akauliza swali moja zuri sana: inazimia wapi? Dada akamjibu ofisini tu, nyumbani Kigamboni inapiga kazi mpaka usiku haina neno. Basi jamaa akahitimisha kwamba umeme wa ofisini mchafu, anunue stabilaiza. Akanunua. Laptopu ikazima ikiwa imechomekwa kwenye hiyohiyo stabilaiza mpya.

Nisiwaseme vibaya hao wenzangu, maana na mimi nilikosea vilevile na ntafika huko. Ila ya stabilaiza ilinichekesha kidogo. Chaja ya laptopu ukisoma stika yake utakuta imeandikwa inapokea volti 100 mpaka 240, yaani umeme ukishuka mpaka taa zikawa nyekundu bado chaja inatoa volti 19 zake vilevile, na hata ukikatika kabisa si betri ipo? Laptopu kuzima kwasababu ya umeme wa ukutani, wakati ina betri ndani, hiyo tu peke yake ni dalili kwamba tatizo lipo kwenye betri au njia yake. Hapo jamaa alikuwa ameshashika mkia wa nyoka afu akauachia.

Mashine yenyewe ni moja ya zile laptopu za ofisini zilizotumika nje zinazoletwa kwa makontena, ndani ina prosesa ya Intel Core i5-8250U, RAM ya GB 8 na SSD. Mashine nzuri tu. Hiyo prosesa kwenye karatasi inaitwa ya wati 15, kasi yake ya kawaida ni gigahetsi 1.6, lakini ikipewa kazi inaruka mpaka 3.4. Kumbuka huo mruko maana ndo utakaotuua mbele.

Nilianza na kitu ambacho hakina gharama, kusoma kumbukumbu za Windows kwenye Event Viewer, upande wa System. Mule nikakuta Kernel-Power namba 41 zimejipanga, pamoja na 6008 inayosema mashine ilizima bila kutarajiwa, kila siku ya kazi moja au mbili. Hapa watu wengi wanapotea. Mtu anaona 41, anaitafuta mtandaoni, anaambiwa abadilishe pawa saplai, badilisha RAM, piga Windows, wakati 41 yenyewe ni kama mlinzi wa zamu ya asubuhi anayeandika kwenye daftari "nimekuta geti wazi". Hajui nani kafungua. Inaandikwa mashine ikishawaka tena, ikimaanisha tu kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu.

Lakini ukibonyeza ndani kwenye maelezo yake kuna vitu viwili vya kuangalia. BugcheckCode ikiwa sifuri, maana yake Windows haikuanguka yenyewe kwa ile skrini ya bluu, ilikatwa tu. Na PowerButtonTimestamp ikiwa sifuri, basi hamna mtu aliyeng'ang'ania kitufe cha kuwashia. Zote zilikuwa sifuri. Nikatafuta 1074, hiyo inaandikwa pale programu au mtu anapoagiza mashine izime, kwenye saa zile hamna. Na hamna taarifa ya joto kali. Kwahiyo nikajua umeme umekatika ndani ya mashine bila Windows kupewa hata nafasi ya kuandika kwaheri, na ile kazi ya kupiga Windows upya ilikuwa bure kabisa.

Na joto je? Hapa Dar joto ndo jibu la kwanza la kila fundi na mara nyingi wanapatia, vumbi letu na unyevu wa bahari vikikutana kwenye feni vinatengeneza godoro. Ila joto lina tabia yake. Prosesa za Intel za aina hii zikifika karibu nyuzi 100 hazizimi moja kwa moja, zinaanza kujipunguza kasi, feni inalia kama pikipiki, mashine inakuwa nzito, mpaka kipanya kinasita. Kuzima ni hatua ya mwisho kabisa. Yaani joto linabisha hodi kwanza. Nikamuuliza dada, kabla haijazima feni inapiga kelele? "Hapana fundi, imetulia tu, naingia Zoom au nafungua lile faili kubwa la Excel, inakufa." Mara nyingine hata dakika kumi haijafikisha tangu awashe. Joto nikaliweka pembeni.

Sasa kosa langu. Nikamwambia aiache. Nikachomeka chaja yangu ya mezani ya wati 65, nikawasha programu ya kutesa prosesa, viini vyote vinne asilimia mia, nikaenda kula. Nimerudi inanguruma. Masaa mawili, nyuzi 84, haijazima. Nikazungusha mkono kwenye soketi ya chaja nikidhani labda risasi ya kulehemu imeachia, nikaitikisa, nikaiinamisha, wapi. Nikafungua hata kava nikaangalia bodi kwa lenzi, hamna kilichoungua, hamna kutu. Siku nzima imeisha. Jioni nikampigia: "Dada, mimi naona mashine yako nzima." Kimya kidogo, afu akasema, "Fundi, kwahiyo mimi naota?"

Iliniuma ile kauli, lakini ilinirudisha kwenye swali la yule fundi wa tatu. Ofisini kuna nini ambacho nyumbani na kwenye meza yangu hakipo? Nikamwambia kesho njoo na kila kitu unachochomeka kwenye hii laptopu, hata kama ni waya wa simu. Akaja na mfuko. Ndani kuna kipanya, waya wa simu ambayo huwa anaichaji kwenye USB ya laptopu akiwa kazini, na chaja mbili. Moja ya nyumbani, iliyokuja na mashine. Nyingine ya ofisini, alipewa na mwenzake aliyehama kitengo, inaingia vizuri tu, kichwa kilekile, rangi ileile.

Nikageuza stika. Ya nyumbani: volti 19.5, ampea 3.33. Ya ofisini: volti 19.5, ampea 2.31. Zidisha mwenyewe, ya kwanza ni wati 65, ya pili ni 45. Volti sawa, kichwa sawa, na laptopu inachaji kabisa, taa inawaka, kwahiyo nani angeishuku? "Kuna kimaandishi kilikuwa kinatokea mwanzoni," dada akasema, "kinasema mambo ya chaja ndogo, nikaweka tiki kisitokee tena." Hapo nilicheka na yeye akacheka, maana nani hajawahi kuweka tiki ile.

Ila subiri, jibu halijakamilika, na hapa ndo penye utamu wa kisa chenyewe. Chaja ya wati 45 haitakiwi kuzima laptopu. Inatakiwa ichaji polepole, au mashine iwe nzito kidogo, basi. Maelfu ya watu wanatumia chaja ndogo kila siku na hawazimiwi. Ukimwambia mteja "tatizo ni chaja, nunua nyingine, kwaheri" atakuwa sawa miezi miwili afu atarudi na maneno mengine. Kwahiyo nilitaka nione kwa macho.

Nikachomeka chaja ya 45, nikawasha HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya ndani ya mashine, irekodi sensa zote kila sekunde kwenye faili, na kwakuwa mashine ikikatika ghafla mistari ya mwisho inaweza isiandikwe, nikaegesha simu yangu kwenye kopo la kalamu irekodi video ya skrini. Simu ya dada ikachomekwa USB kama ofisini. Nikaanzisha ile programu ya mateso. Sekunde ya tisa, pap. Nyeusi.

Sijawahi kufurahi laptopu kuzima kiasi kile. Nikarudisha video polepole. Joto la prosesa lilikuwa nyuzi 71, kwahiyo joto kwaheri mara ya pili. Lakini angalia betri: chaja ipo ukutani, mashine inasema ipo kwenye chaja, na wakati huohuo betri inaonyesha inatoa umeme, haipokei. Volti yake ilikuwa 11.4 kabla ya mateso, ikashuka mpaka 10.5, afu giza.

Ufafanuzi wake ni huu. Ile prosesa ya wati 15 ikiruka kwenye kasi ya juu inaweza kwa sekunde chache kuvuta zaidi ya wati 30 peke yake. Ongeza skrini, SSD, kamera, simu inayochajiwa, na umeme unaopotea njiani, mashine nzima inapita 45 bila shida. Laptopu za miaka hii zimeundwa hivi: chaja ikizidiwa, betri inaongezea kile kilichopungua, kimyakimya, wewe huoni kitu. Ni mpango mzuri kabisa, mradi betri iwe nzima. Ya kwake haikuwa nzima.

Lakini si fundi wa tatu alipima akasema nzima? Alipima ikiwa imelala. Betri ile ina seli tatu zimefungwa mfululizo, na kila seli ina ukinzani wake wa ndani. Seli mpya ukinzani wake ni mdogo sana, wa kuhesabu kwa sehemu za mia za omu moja (omu ndo kipimo cha ukinzani). Seli iliyochoka unapanda. Ukiipima haina mzigo, hamna mkondo unaopita, kwahiyo ukinzani hauonekani, multimita inakuonyesha 11.4 safi na wewe unatoa cheti cha afya. Tufanye hesabu ya makadirio: seli moja ina ukinzani wa nusu omu, betri inaombwa ampea 1.6, hapohapo ile seli inapoteza volti 0.8. Ilikuwa 3.8, sasa ni 3.0. Wenzake wawili wameshuka kidogo tu, wapo 3.75. Jumlisha zote unapata ileile 10.5 ya kwenye video.

Na hapa kuna mtego. Ukichukua 10.5 ukagawa kwa tatu unapata 3.5 kila seli, unasema mbona salama. Seli hazigawani hivyo. Kile kisaketi kidogo cha ulinzi kilichomo ndani ya betri kinaangalia kila seli peke yake, na moja ikigusa chini kule, kwenye volti 3 au pungufu kidogo kutegemea na mtengenezaji, kinakata betri nzima ili ile seli isiharibike zaidi. Kinafanya kazi yake. Sasa betri imejitoa, chaja ya 45 imebaki peke yake na mzigo wa sitini, volti za ndani zinaporomoka, mashine inakufa. Mzigo ukiondoka seli inapumzika, volti zinarudi 11.4, ukiwasha inawaka kama hamna kilichotokea. Unaona kwanini ilikuwa inawachanganya watu?

Nyumbani je? Nyumbani ana 65, chaja inatosha, betri haiombwi msaada, kwahiyo haiumbuki. Kwenye meza yangu vilevile. Ile kauli yake ya nyumbani haizimi ofisini inazima ilikuwa kweli tupu, ila haikuhusu jengo, ilihusu chaja.

Nikamuuliza swali ambalo ningelimuuliza dakika ya kwanza tungeokoa siku mbili: bila chaja inakaaje? "Aa, bila chaja inazimaga ikiwa na asilimia arobaini hivi. Lakini hiyo si betri imezeeka tu, ya kawaida." Hakuwa ameificha, aliona ni ugonjwa mwingine. Wateja wako hivo na sisi tukienda hospitali tuko hivohivo, tunataja kinachotuuma leo. Siku hizi simuulizi mtu "tatizo nini", namuuliza ikiwa kwenye chaja inafanyaje, ikiwa bila chaja inafanyaje, chaja ipi, na mara ya mwisho ilipozima ulikuwa umefungua nini.

Nikaandika `powercfg /batteryreport` kwenye dirisha la amri, inatoa ukurasa mmoja wenye historia ya betri. Uwezo wa kiwandani mWh (miliwati-saa) 48,000, uwezo wa sasa inaodai inao, 27,300. Kwenye sehemu ya matumizi ya karibuni kuna mstari ipo kwenye betri asilimia 43, mstari unaofuata baada ya kuwashwa, asilimia 9. Asilimia 34 zimeyeyuka wakati mashine imezima. Kile kipimo cha asilimia hakioni maji kwenye tenki moja kwa moja, kinahesabu yaliyoingia na kutoka, na seli ikiwa mbovu hesabu inaenda kombo mpaka ikutane na ukweli.

Bado nilikuwa na majaribio mawili, na la kwanza ndo ninalolipenda zaidi. Nikafungua kava, nikachomoa betri kabisa kwenye bodi, nikachomeka chaja ileile ya 45, nikaanzisha mateso yaleyale. Kwa mawazo ya kawaida ungesema itakufa haraka zaidi si ndio, maana hata ule msaada dhaifu haupo. Haikuzima. Dakika ishirini, ipo, ila imekuwa nzito, prosesa haivuki kasi ya chini. Mashine inajua haina betri, inajua chaja ni ndogo, kwahiyo inajibana isiombe kisichokuwepo. Betri mbovu ikiwepo, mashine inaiamini, inaruka nayo, inaanguka nayo. Yaani kwa ile laptopu kutokuwa na betri kulikuwa na usalama zaidi kuliko kuwa na betri ile.

La pili, nikarudisha betri mbovu, nikaingia kwenye mipangilio ya pawa ya Windows, ile ya kasi ya juu kabisa ya prosesa nikatoa 100 nikaweka 99. Inaonekana mchezo, asilimia moja, lakini ukiiweka 99 prosesa haipandi tena kwenye turbo, yaani ule mruko wa kasi, inabaki na kasi yake ya kawaida. Chaja ya 45, simu kwenye USB, Zoom wazi, Excel wazi, mateso juu yake. Saa nzima haikuzima. Hapo nikaacha kutafuta sababu, maana nilikuwa nimeweza kuizima nikitaka na kuizuia nikitaka.

Betri mpya haikuwepo siku ile, na sikutaka kumwekea yoyote tu. Hizi betri za kopi zina stika nzuri kuliko za kiwandani, ukizichomeka nyingine zinajitangaza uwezo mkubwa ambao ukizitumia bila chaja huuoni. Mimi naipima kwa kuitumia kweli, najaza, natoa chaja, nacheza video mpaka mashine ilale yenyewe, naangalia kama asilimia zinashuka taratibu au zinaruka ngazi. Ya kwanza niliyoletewa iliruka kutoka 31 mpaka 5, nikairudisha. Ya pili ikashuka vizuri mpaka chini. Wakati anasubiri, dada alitumia mashine na ile 99 wiki nzima, ofisini, chaja ya 45, haikumzimia hata mara moja, ila alilalamika Excel imekuwa mvivu, nikamwambia avumilie.

Ya zamani haikuwa imevimba, hilo nililiangalia mapema, pedi ya kugusa ilikuwa imelala sawa na kava halikuinuka. Ingekuwa imevimba nisingeifanyia majaribio haya yote, ningeitoa siku ileile, maana seli za lithiamu zikivimba hazitaki utani wala bisibisi.

Nimeweka betri mpya, nimerudisha 100, nimechomeka tena ile chaja ndogo na simu na kila kitu, nikatesa masaa mawili. Betri ikawa inatoa msaada kama kawaida, volti zinashuka kidogo na kukaa palepale, asilimia zikashuka kutoka 96 mpaka 81 huku chaja ipo ukutani. Hivyo ndo inavyotakiwa. Nimemwambia ofisini atafute ya 65, akasema sawa fundi. Kale kaujumbe ka chaja ndogo nimekarudisha, nikamwonyesha. Wiki mbili baadaye nampigia kuulizia hali, haijazima, chaja ya 65 hajanunua, na kaujumbe ameshaweka tiki.

Ile stabilaiza ameiunganisha kwenye friji. Betri yake ya zamani ipo hapa mezani kwangu nasubiri pa kuipeleka salama, jana nimeipima tena kwa multimita nikiwa sina kazi. 11.4.